Nuru na Stara: Juu ya Kuugeuza Msana wa Nyumba ya Kale

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwapima watu, lakini katika miji ya mawe ya pwani ina ukweli wake wa kiujenzi pia. Mpita njia katika vichochoro vya Lamu huona daka lenye baraza mbili, mlango mzito wa mbao, na ukuta mrefu usiomwonyesha kitu. Mwanga wa nyumba ile haumo mlangoni wala ukutani. Umo ndani, katika ua usio na paa ambao wenyeji wauita kiwanda, na katika chumba kirefu kinachokitazama kiwanda hicho, yaani msana. Aliyejenga aliuficha mwanga huo makusudi, kama mtu afichavyo kitu chake cha thamani.

Leo watu wengi waishio katika nyumba hizo, ama kwa kurithi ama kwa kununua, wanataka kuubadili msana wao. Mmoja ataka jua zaidi, mwingine ataka kivuli zaidi. Mmoja ataka kukiezeka kiwanda ili mvua isiingie, mwingine ataka kubomoa ukuta wa nyuma ili mwanga ufike hadi chumba cha mwisho. Jambo hili laweza kuonekana kuwa ni la fundi mwashi na mfuko wa mwenye nyumba, lisilohusiana na maadili. Lakini nyumba iliyojengwa miaka mia mbili na zaidi iliyopita imebeba nia za watu wengi, na aliye hai ni mmoja tu kati yao. Je, aliye hai ana haki gani juu ya mwanga aliopangiwa na wafu? Na wafu nao wana haki gani juu ya macho ya walio hai?

Kabla ya kulijibu swali hilo, hapana budi kuielewa nyumba yenyewe na kazi inayoifanya. Nyumba nyingi za mawe zilizosalia Lamu ni za karne ya 18. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba: kwa kuwa mti wa mkoko hauwezi kuubeba uzito wa dari ya mawe na chokaa ukizidi mita 3 hivi, vyumba vyote ni vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Mgeni huingia dakani, hupita tekani, hupinda, ndipo hutokea kiwandani. Na kupinda huko humzuia aliye njiani asitupe jicho hadi ndani. Kutoka kiwandani huja msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha chumba kiitwacho ndani, na nyuma yake nyumba ya kati. Sakafu ya kila chumba huinuka kidogo kuliko ya kilichotangulia, na kila sakafu inapoinuka mwanga hupungua. Msana wa tini una mwanga wa kutosha kusomea au kushonea kofia. Msana wa yuu una mwanga wa mazungumzo. Ndani kuna mwanga wa kupumzikia. Nyumba ya kati, ambamo maiti wa nyumba ile walikuwa wakioshwa, ina giza, na giza lile lilikuwa adabu.

Mpango huu haukubahatishwa. Lamu iko digrii 2 hivi kusini mwa ikweta. Wakati wa kaskazi, joto linapozidi, jua la adhuhuri huelemea upande wa kusini. Wakati wa kusi huelemea upande wa kaskazini. Nyumba nyingi za kale mjini humo huutazamisha msana wao kaskazini, ambako ndiko kibla. Kwa hiyo msana hupata kivuli katika miezi ya joto kali, na hupata jua katika miezi ya ubaridi, bila ya mtu kufungua wala kufunga kitu. Kiwanda nacho hufanya kazi ya dohani: hewa iliyopata moto hupanda na kutoka juu, na hewa ya baridi ya kichochoroni huvutwa ndani kuchukua nafasi yake. Waashi wale hawakuacha vitabu vya hesabu zao, lakini hesabu zimo ukutani.

Zimo pia katika nakshi. Ukuta wa zidaka, yaani visahani vya hewa vilivyochongwa safu kwa safu ili kupangwa kaure na vitabu, hutengenezwa kwa lipu ya chokaa iliyokatwa kungali mbichi. Kina cha nakshi yake ni kifupi mno. Pengine hakizidi unene wa kidole. Nakshi ya namna hiyo huonekana kwa sababu ya vivuli vyake vidogo. Mwanga hafifu unaotoka upande mmoja, ukivuka misana miwili kabla ya kuufikia ukuta, huuacha kila mchirizi na kivuli chake. Mwanga mwingi unaotoka juu na pande zote huvifuta vivuli hivyo, na ukuta uliofanyiwa kazi ya miezi huonekana kama ukuta uliopakwa chokaa tu. Hivyo basi, mtu aweza kuiharibu nakshi bila ya kuigusa. Akitoboa dari juu ya chumba cha ndani na kuweka kioo, hatakuwa amevunja hata kidaka kimoja, lakini zidaka zote zitakuwa zimenyamaza.

Hali kadhalika kwa kiwanda. Anayekifunika kwa paa la kioo, akitarajia kupata chumba kipya chenye jua kisichonyewa na mvua, huwa ameziba dohani. Jua huingia, joto halitoki. Msana uliokuwa ukipoa wenyewe sasa wahitaji feni. Feni isipotosha huletwa kiyoyozi. Kiyoyozi hutoa maji, na maji hutiririka ukutani. Kisha ukuta ukianza kubanduka, huitwa fundi wa kuupiga lipu ya saruji kwa sababu saruji hupatikana upesi na yaonekana imara. Lakini ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa, na chokaa huuruhusu kupumua, saruji huuziba. Unyevu na chumvi hubaki ndani, huila chokaa ya kati, na boriti huanza kuoza vichwa vyake vilivyozikwa ukutani. Wahenga walionya kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Katika nyumba hizi, azibaye ufa kwa kitu kisichofaa aweza kuujenga ukuta mapema zaidi kuliko aliyeuacha.

Kwa mtazamo huu, jibu la swali laonekana jepesi: nyumba iachwe kama ilivyo. Mwandishi wa Uingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 kiitwacho The Seven Lamps of Architecture, alishika msimamo huo kwa ukali mkubwa. Kwake yeye, majengo ya kale si mali ya wanaoishi leo. Ni ya waliojenga kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ni ya vizazi vyote vitakavyofuata, na aliye katikati hana ruhusa ya kuyagusa. Hoja hiyo ina heshima ndani yake. Yamkumbusha mwenye nyumba kwamba yeye ni mpitaji, na kwamba funguo alizo nazo zilikuwa mkononi mwa mwingine jana na zitakuwa mkononi mwa mwingine kesho.

Hata hivyo Ruskin huandika kana kwamba hakuna mtu anayelala ndani ya jengo lile. Mwenye makanisa na majumba ya kifalme mbele ya macho yake aweza kusema hivyo. Lakini msana wa Lamu ni mahali pa kuishi. Mna bibi ambaye macho yake yameingia ukungu, na ambaye kila siku husogeza mkeka wake hatua moja kuelekea kiwandani ili aone anachokishona. Mna kijana anayejiandaa kwa mtihani, ambaye mwanga uliowatosha watu wa fumbo na hadithi haumtoshi yeye kusomea usiku kucha. Mna mzee ambaye hawezi tena kupanda ngazi nyembamba, zilizojengwa kwa miguu ya vijana. Kuwaambia watu hawa kwamba wasiguse kitu kwa kuwa nakshi ni ya vizazi vijavyo, ni kuwafanya walinzi wa makumbusho katika nyumba yao wenyewe, tena walinzi wasiolipwa.

Kuna kisa cha Japani kinacholifafanua jambo hili vizuri. Mwaka 1933 mwandishi Junichiro Tanizaki alianza kutoa insha maarufu ya kuvisifu vivuli, akilalamika kwamba umeme na vioo vilikuwa vikiifukuza nusu-giza ya nyumba za kale za nchi yake. Ndani ya insha hiyo aeleza jinsi alivyohangaika alipojenga nyumba yake mwenyewe. Alitaka milango ya karatasi ipitishayo mwanga laini, lakini alihitaji pia kioo kwa ajili ya usalama na mwanga. Akaweka vyote viwili, karatasi ndani na kioo nje, akatumia fedha nyingi, na asipate uzuri wa kimojawapo. Baadaye mkewe alisimulia kwamba alipotaka kujenga nyumba nyingine, mjenzi alimwambia kwamba ameisoma insha ile na anajua hasa kinachotakiwa. Tanizaki akajibu kwamba yeye mwenyewe hawezi kabisa kuishi katika nyumba ya namna hiyo. Wengine hukicheka kisa hiki kama unafiki wa msanii. Kwa hakika kina funzo lenye uzito: ni rahisi kuyapenda maisha ya kale maadamu ni mwingine atakayeishi ndani yake. Yeyote anayeshauri kwamba chumba kibaki na giza, au kifunguliwe kwa jua, apimwe kwanza kwa swali hili: je, yeye atalala humo?

Kwani gharama za nyumba ya kale hazilipwi na picha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa fahari ya mji mzima, limo katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Mji Mkongwe tangu mwaka 2000. Sifa hazikulishika lisianguke. Wafu hawaangukiwi na dari. Walio hai ndio waangukao nayo, na kwa sababu hiyo sauti yao haiwezi kuwekwa nyuma ya zote.

Hapa hutokea swali gumu zaidi, ambalo wapenzi wa majumba ya kale hawapendi kuliuliza. Inaposemwa kwamba waliopita waheshimiwe, ni waliopita wepi? Nyumba zile za karne ya 18 zilijengwa katika mji wenye mabwana na watumwa. Mawe yalichimbwa, yakabebwa na kuchomwa chokaa kwa mikono ambayo aghalabu haikuulizwa kama yataka. Katika nyumba za ghorofa, waungwana walikaa juu na watumwa chini, pamoja na ghala. Mpangilio wa mwanga na giza, kina na kizingiti, ulikuwa pia mpangilio wa daraja za watu: nani aishie dakani, nani afike msana, nani aingie ndani. Stara ya bibi wa nyumba ilitunzwa na mjakazi ambaye yeye mwenyewe hakupewa stara hiyo. Wenyeji wana methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mtu ambaye bibi yake mzaa bibi alikuwa akizibeba kaure za zidaka bila ya kuzimiliki ana haki ya kuuliza: mila ya nani?

Mtu kama huyo huenda leo ndiye anayeishi katika msana ule. Akitaka kufungua dirisha pale ambapo wahenga wake waliketi gizani, tendo lake haliwezi kuitwa uharibifu bila ya kufikiriwa mara ya pili. Kwa upande mwingine, nakshi ile ni kazi ya mikono hiyo hiyo. Fundi aliyeikata chokaa mbichi kabla haijakauka hakuandika jina lake popote; zidaka ndizo zilizobaki kuwa saini yake. Anayeubomoa ukuta kwa ajili ya kuikataa fahari ya bwana huenda akaifuta kazi ya mtumwa, ilhali bwana ana kaburi lenye jina. Kwa hiyo hata hasira ya haki yahitaji kutazama vizuri inachokipiga nyundo.

Basi ikiwa wafu hawana amri juu ya chumba, na aliye hai naye hawezi kujifanyia atakavyo, haki yake ni ya namna gani? Utamaduni wa pwani wenyewe una fikra inayofaa. Katika wakfu, asili ya mali huzuiwa isiuzwe wala isipotezwe, na manufaa yake hutumiwa na waliokusudiwa. Anayekaa katika nyumba ya wakfu hula matunda; mti si wake kuukata. Fikra hiyo haikuwa ngeni kwa mabinti wa Lamu, kwani katika jamaa zenye uwezo ilikuwa mila binti kupewa nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Nyumba ilipita kwa wanawake, mama hadi binti. Msana ulikuwa chumba chao cha kazi na cha maongezi, na mwanga wake ulikuwa mwanga wao. Hata nyumba isiyowekwa wakfu kisheria yaweza kuishiwa kwa moyo wa wakfu: aliyemo atumie atakavyo, lakini asimnyang'anye ajaye uwezo wa kutumia.

Kutokana na fikra hiyo hupatikana kipimo cha kwanza. Geuzo lolote la chumba lipimwe kwa swali: je, laweza kurudishwa? Turubai linaloviringishwa juu ya kiwanda wakati wa masika na kufunguliwa wakati wa kaskazi laweza kurudishwa. Paa la kioo lililozikwa katika kuta haliwezi, ila kwa kuvunja. Chokaa nyeupe inayopakwa upya kila baada ya miaka michache huongeza mwanga wa msana kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ukuta mweupe huurudisha mwanga na kuupeleka ndani zaidi. Nayo haizuii kitu. Taa iliyowekwa chini, ikaangaza ukuta wa zidaka kwa upande, humpa msomaji mwanga na kuiachia nakshi vivuli vyake. Kubadilishana vyumba ni geuzo lisilogharimu hata senti moja: kitanda cha bibi kihamie msana wa tini, na ndani pawe pa vijana wanaohitaji usingizi wa mchana. Nyumba ya kale yavumilia sana mageuzi ya watu na vyombo. Isichokivumilia ni mageuzi ya mifupa.

Kipimo cha pili chahusu jirani. Katika mji ambao nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta, mwanga wa mmoja aghalabu huwa stara ya mwingine. Anayeukosa mwanga chini hupanda juu: huongeza ghorofa, huezeka banda la makuti juu ya dari, huweka viti na mito, akapata jua, upepo na mandhari ya bahari. Lakini kutoka pale aona pia kiwanda cha jirani, ambamo mama ameketi kichwa wazi akichana nywele, kwa kuwa nyumba yake ilijengwa katika mji ambao hakuna aliyekuwa akimwangalia kutoka juu. Siku hiyo hiyo mama yule huwa amepoteza chumba bila ya jiwe lake hata moja kuguswa. Ataacha kuketi kiwandani, au atakifunika, na akikifunika msana wake utakuwa na joto na giza. Kanuni ya kale ya sheria ya Kiislamu yakataza kudhuru na kudhuriana, na dhara ya jicho imo katika dhara. Jua lililopatikana kwa namna hii ni jua la kunyang'anya.

Vipimo hivi viwili vyafaa kutumiwa kwa kila mtu, mwenyeji na mgeni. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 nyumba nyingi za Lamu zimenunuliwa na watu wa nje, wengi wao kutoka Ulaya. Sababu za kuuzwa zinajulikana: mwenye nyumba akifariki, warithi hugawana mafungu, hakuna mmoja awezaye kuwalipa wenzake wala kuitengeneza dari, na fedha za mgeni hulimaliza shauri. Si haki kumlaumu mgeni kwa jumla. Baadhi yao wamezitengeneza nyumba kwa chokaa badala ya saruji, na kwa kuwalipa mafundi wakaisaidia kazi ile isife. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo nyumba yaweza kuhifadhiwa kila kidaka na bado ikawa imepotea. Msana uliong'arishwa, usio na mzazi wala mgonjwa wala mwanafunzi, unaofunguliwa wiki chache kwa mwaka, una mwanga mzuri unaoangukia mito mitupu. Kwa upande mwingine, jamaa iliyofunika kiwanda kwa bati ili watoto wasilowe imekosea kwa fundi lakini imeyashika maisha ambayo nyumba ilijengwa kwa ajili yake. Ikilazimu kuchagua kati ya makosa mawili, la pili ndilo jepesi zaidi kurekebishwa: bati hung'olewa kwa siku moja, ilhali jamaa iliyohama mji hairudishwi na fundi yeyote.

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya yaachiwe sheria. Sheria zipo. Unguja ina mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe tangu mwaka 1985. Lamu iliwekwa chini ya ulinzi wa kisheria mwaka 1986, ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Sheria hizo zina manufaa makubwa kwa kile kinachoonekana njiani: mlango, ukuta wa nje, urefu wa jengo. Lakini msana hauonekani njiani. Mkaguzi hawezi kuingia kila mwezi katika chumba cha wanawake kuhesabu zidaka. Akifanya hivyo, atakuwa anaivunja stara ambayo nyumba nzima ilijengwa kuilinda, kwa jina la kuihifadhi nyumba. Kwa hiyo chumba chenye jua hubaki mahali ambapo sheria hupiga hodi na kungoja. Ndani yake, mwenye nyumba yuko peke yake na adabu yake.

Hapo ndipo swali hili linapopata uzito wake wa kimaadili, kwani adabu ya mtu hujulikana pale asipoonekana. Mengi yaweza kufanywa katika msana bila ya jirani kujua, na ajaye hatajua amenyimwa nini. Mtoto aliyezaliwa chini ya paa la kioo hatamani upepo asioujua. Aliyekua mbele ya ukuta wa saruji hataziuliza zidaka. Wanaodhulumiwa na geuzo baya hawatalalamika kamwe, nao ndio wanaohitaji kuteteana na aliye hai, kwa kuwa yeye pekee ndiye aliyeona vyote viwili: chumba kilivyokuwa na chumba kilivyo.

Bila shaka vipimo havimalizi kila jambo. Kuna siku ambapo hitaji la aliye hai haliwezi kutimizwa kwa turubai wala chokaa. Mzee asiyeweza kutembea ahitaji mlango mpana; mgonjwa ahitaji choo karibu na kitanda; dari iliyopasuka haiwezi kungoja boriti ya urefu kamili. Siku hiyo ukuta ukatwe, wala mwenye nyumba asijione mkosefu. Lakini akate kama mtu akataye mwili kwa ajili ya tiba. Ajue kwanza ni wapi mzigo wa dari unaposhukia. Apime ukuta na kuupiga picha kabla ya nyundo ya kwanza. Mawe na vipande vya nakshi avihifadhi ghalani badala ya kuvimwaga ufukweni, na amwonyeshe binti yake vilipo. Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo, na maana yake ni kubwa: aliyefanya hivi amekiri kwamba uamuzi wake ni wa leo, na amemwachia wa kesho uwezo wa kuamua vingine.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoyatazama magofu ya Pate na kutunga Al-Inkishafi, aliona katika majumba yaliyohamwa funzo juu ya ulimwengu usiodumu. Funzo lake lilikuwa la nafsi, na bado lasimama. Lakini gofu si adui pekee wa nyumba. Nyumba yaweza kufa ikiwa imejaa watu, kila mmoja akiwa amejikatia kipande chake cha jua. Na yaweza kufa ikiwa safi na tupu, imetunzwa kwa ajili ya macho ya wapitaji. Inayoishi ni ile ambayo aliyemo huchukua mwanga anaouhitaji, hamfichui jirani, na humwachia ajaye ukuta anaoweza kuusoma. Waliojenga misana ile hawakuwa malaika, na mji wao haukuwa wa haki. Lakini walijua jambo moja ambalo mwenye nyundo na kioo hulisahau upesi: kwamba mwanga hauwi mali ya chumba unamoangukia. Hupita humo kila siku, kutoka kiwandani hadi ndani, na kwa sababu hupita, mwenye kukaa nao hupaswa kufikiri unakoelekea baada ya kumfikia yeye.